Vidonge kwenye Fundo la Kitenge

Kwa miaka sita niliificha sukari yangu kama mtu anavyoficha hawara. Nasema sukari ya damuni, si ile ya kwenye kopo. Ile ya kwenye kopo niliila hadharani, vijiko vitatu kwa kikombe, makusudi, ili mtu asije akaanza kunitilia shaka.

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kila mtu ana faili la kuombewa nchi ya kuhamia. Huwezi kuliona faili lako, lakini tunaliongelea kama mgonjwa wa nyumbani: limelala, limeamka, limesogea kidogo, limerudi kulala. Na panapokuwa na faili pana maneno. Neno mojawapo lilikuwa kwamba mtu mwenye ugonjwa wa kudumu faili lake huwekwa chini ya mengine, kwa sababu nchi za huko mbali hazitaki wagonjwa. Nani alisema? Simjui. Nilisikia kwenye foleni ya maji, na aliyeniambia alisikia kwenye foleni ya unga. Nikaamini. Mimi, binti wa wafanyabiashara wa Kindu, kule Kongo, ambaye sijawahi kukubali bei ya kwanza ya mtu yeyote, neno hilo nililichukua bila kupunguziwa.

Kwa hiyo sikupima kambini. Nilipima Biwi, mjini Lilongwe, kwenye duka la dawa ambako hakuna aliyenijua, na kila mwezi nilirudi huko kununua vidonge. Nyumbani nilisema naenda kuangalia vitenge vipya. Nilirudi na vitenge viwili vya kuuza na vidonge vya mwezi mzima, vimefungwa kwenye pindo la nguo niliyovaa, fundo dogo kama lile ambalo mama yangu alikuwa akifungia pesa za samaki. Hata binti yangu, ninayeishi naye chumba kimoja, hakujua.

Korona ilipotufikia kwa nguvu ilikuwa wakati wa mvua, mahindi ya pembeni ya barabara yamefika kifuani. Ilianza na kikohozi nikakiita vumbi, ingawa vumbi lenyewe lilikuwa tope. Siku ya tano sikuweza kumaliza aya moja ya sala bila kupumzika. Binti yangu akaita kabaza. Nikakaa nyuma ya baiskeli, yeye akikimbia pembeni kanishika mgongo nisianguke, mpaka kliniki. Kliniki wakaniwekea kile kibanio cha kidoleni, wakatazamana, wakaita gari la wagonjwa liende Lilongwe. Jambo la mwisho nililofanya kabla ya kuondoka nyumbani, kabla hata ya kuvaa viatu, lilikuwa kukaza lile fundo.

Katika nchi hii mgonjwa haendi hospitali peke yake. Anakwenda na mtu wake wa kumpikia, kumfulia na kumgeuza kitandani. Gadiyani, wanamwita. Lakini mwaka ule magadiyani walizuiwa getini, na binti yangu akabaki nje ya uzio pamoja na mabinti wa watu wengine, analala chini ya ukingo wa paa, anapika uji kwenye mafiga ya mawe na kuuingiza kwenye bakuli lililoandikwa namba ya kitanda changu. Kwa siku kumi na saba bakuli lile lilikuwa ndiyo sura yake. Nikiliona limeoshwa vizuri nilijua yu mzima. Siku moja lilikuja na kipande cha karatasi: “Mama kula, usilete madharau.” Nikala.

Nesi aliyenipokea alikuwa kijana wa Kimalawi aliyevaa plastiki nyeupe kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Jina lake alikuwa ameliandika kwa kalamu nene kifuani ili tumjue, maana uso haukuonekana. Aliniita agogo, yaani bibi. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Ningekuwa na pumzi angepata jibu lake.

Akaanza maswali. Jina. Umri. Unaishi na nani. Umeugua tangu lini. Kichewa changu kilikuwa cha sokoni, na pumzi haikutosha, basi aliyenitafsiria alikuwa mwanamke wa kitanda cha jirani.

“Anauliza, uko na shuga? Uko na BP? Kuna mankhwala unameza kila siku?”

“Hapana,” nikasema. “Mi niko muzima.”

Yule mwanamke akanitazama, mpira wa hewa ukiwa puani mwangu na puani mwake.

“Muzima kabisa,” akasema. “Sisi wote hapa njo bazima.”

Akacheka mpaka akakohoa, na nesi akamgombeza.

Nilimpenda hapo hapo, na sipendi watu upesi. Alikuwa wa rika langu, mkazi wa Area 23, mtaa wa Lilongwe, muuzaji wa kaunjika, nguo za mitumba. Siku za soko alikuwa akija Dzaleka na marobota yake, na ndiko alikokipata Kiswahili chetu, hasa ule upande wa kubishana bei. Alijua kusema “mama, usiniue” na “hiyo njo ya mwisho” vizuri kuliko salamu. Alinisimulia wateja wake wa kambini, nami nikawatambua wengine kwa ubahili wao. Tulikuwa wanawake tisa katika wadi ile. Mmoja aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini mchana kutwa. Mwingine alikuwa akihesabu vitanda, na kikibaki kimoja kitupu asubuhi alianza kuhesabu upya, akilia. Hakuna aliyeuliza mwenye kitanda kaenda wapi. Hofu ile sijui niielezeje. Ilikuwa kama kila mtu amekaa juu ya mikono yake asiguse kitu. Na katikati ya hofu hiyo, mwanamke huyu alikuwa ananiuliza kama kweli Wakongomani tunakula majani ya muhogo kwa kupenda au kwa shida.

Dawa waliyokuwa wananichoma kwa ajili ya mapafu ilikuwa nzuri, na mapafu yalianza kuisikia. Lakini baadaye nilielezwa kwamba dawa hiyo hupandisha sukari, na kwamba mgonjwa aliyesema ana sukari huangaliwa kwa jicho la pekee. Mimi nilikuwa nimeandikwa sina. Siku mbili za kwanza nilimeza vidonge vyangu chini ya shuka. Siku ya tatu nilisahau kama nimemeza. Siku ya nne kiu ilinishika, kiu ya kumaliza jagi zima na kutazama la jirani. Nikawa naenda haja kila saa, na dunia ikaanza kunitoka.

Ndipo yule nesi wa plastiki nyeupe alipogeuka kuwa ofisa wa mahojiano. Sikuota, nilimwona. Nilikaa wima kitandani, mikono juu ya magoti kama tulivyoambizana tukae, nikaanza kumpa kesi yangu. Mwaka tulioondoka Kindu. Idadi ya siku tulizokaa mtoni. Nani alikufa kwanza na nani alifuata. Aliniuliza kama nina kiu, nikamtajia jina la baba yangu. Aliniuliza kama kichwa kinauma, nikamtajia watoto kwa mpangilio, walio hai na wasio hai, kwa sababu ukikosea mpangilio wanasema unadanganya. Naye, Mungu amlipe, alikaa ukingoni mwa kitanda na glovu zake, akanishika mkono, akasikiliza habari ambayo hakuielewa hata neno moja. Sijawahi kusikilizwa vile na mtu aliyeielewa.

Alipoondoka, jirani yangu akaniita mama kwa lugha yao. Mimi nilikuwa bado na akili ya kuja na kwenda, na hapo ilikuwa imekuja kidogo.

“Amayi. Ile mankhwala iko kwenye fundo, mi ninaijua. Miye pia niko na shuga. Ambia nesi.”

“Hapana.”

“Utakufa.”

“Ukisema, utaua dossier yangu.”

“Dossier njo nini?”

Nilijaribu kumweleza habari za faili, nikashindwa. Nikamshika kifundo cha mkono, vitanda vyetu vilikuwa karibu hivyo, nikamwapisha asiseme. Akaapa. Na naamini alijitahidi, maana alinyamaza kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa kazi kubwa.

Kilichofuata nakikumbuka vizuri kuliko ndoa yangu. Nilikuwa nimeanza tena kumtajia ofisa watoto, ingawa mbele yangu hapakuwa na mtu. Jirani akachukua kikombe chake cha bati, akagonga chuma cha kitanda, ko, ko, ko, mpaka wadi nzima ikageuka na nesi akaja mbio. Jirani akautoa mpira wa hewa puani mwake. Akashuka. Hatua mbili tu, lakini zilikuwa hatua za mtu anayepanda mlima. Akashika pindo la kitenge changu, fundo likamshinda kwa vidole, akalifungua kwa meno, na vidonge vikamwagika juu ya shuka mbele ya kila mtu. “Huyu amayi ana shuga,” akamwambia nesi kwa Kichewa. “Anaficha.”

Miaka yote Malawi sikuwa nimejifunza Kichewa cha kutosha kumpa mtu pole ya msiba. Lakini neno moja nililijua, na nililipata upesi. “Mfiti!” nikapiga kelele. Mchawi. Na kwa kuwa halikunitosha nikaongeza la kwetu, “Muchawi! Muchawi we!” Nikamnyooshea kidole, mpira wake wa hewa unaning'inia kitandani, na yeye mwenyewe ameshika ukuta, anahema. Kila mtu alisikia. Katika nchi hii neno hilo si tusi la kutupa tu kisha likaanguka chini. Mtu anaweza kuhamishwa kijiji kwa neno hilo.

Walinichoma kidole. Kile kimashine kidogo kikashindwa kutoa namba kwa jinsi sukari ilivyokuwa juu. Nikawekewa maji ya mshipa na sindano ya insulini, na mimi nikageuza uso ukutani.

Akili ilirudi polepole, kwa siku mbili hivi. Kwanza nesi akawa nesi tena. Halafu nikajua ni siku gani. Daktari akaja akasema, na nesi akanirudia kwa maneno mepesi, kwamba kama ingepita siku moja zaidi wasingeniwahi. Nilielewa. Nilielewa kila kitu, nilikuwa na akili timamu kabisa, na bado sikugeuka kutoka ukutani, kwa sababu nilikuwa na aibu, na aibu kwangu hutoka ikiwa imevaa nguo za hasira. Nilijiambia nitamshukuru kesho, nikipata maneno.

Kesho yake hali yake ikawa mbaya, wakaja kumhamishia chumba cha wenye kuhitaji hewa nyingi. Kitanda chake kilipita miguuni pangu. Nilijua ananitazama. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala.

Nilimuuliza nesi kama ni zile hatua mbili zilizomharibu. Alisema hapana, ugonjwa huu huwa unafanya hivyo, watu hushuka siku ya nane au ya tisa hata wakikaa kimya kama jiwe. Namshukuru kwa jibu hilo. Sijui kama niliamini.

Nikatoka hospitali. Binti yangu alinipokea getini, na pale pale, kabla hajanikumbatia, nikamwambia, “Niko na sukari. Tangu miaka sita.” Akatazama kitenge nilichovaa. “Na vile vitenge vya Biwi,” akasema, “njo maana vilikuwa vibaya vile.” Halafu akalia, nami nikalia, na gadiyani mmoja tusiyemjua akatuletea viti.

Nilirudi Dzaleka na mwili nusu na kichwa robo. Usingizi ulinikimbia miezi mingi. Chungu kikichemka na kutoa mvuke, ile sauti ya *shhh* ilinirudisha wadini, nikatoka nje kwa mbio. Nilisahau bei za vitenge vyangu mwenyewe, na wateja wakafaidi. Kliniki ya kambini wakaandika sukari kwenye kadi yangu, kwa herufi kubwa, na mhudumu akanipa saa nzima kuniambia kwamba hofu inayobaki baada ya wadi ile nayo ni ugonjwa, si wazimu wala laana, na hupona. Alhamdulillah, imepona kiasi. Na faili? Faili limelala. Lilikuwa limelala hata nilipokuwa muzima.

Lakini siku za soko nilikaa natazama barabara, na muuza kaunjika wangu hakuja. Nilimwombea dua kama hai na dua kama marehemu, nikachanganyikiwa ipi niitangulize. Mwishowe nikawauliza wenzake wa mitumba. Mmoja akasema, “Yupo. Yupo nyumbani kwake, lakini hatoki. Ugonjwa ulimwingia kichwani.”

Mama yangu alikuwa na sheria yake: ukimkosea mtu mbele ya watu, usiende kumtaka radhi jikoni. Nikamchukua binti yangu awe shahidi. Nikapika sombe, yale majani ya muhogo, kwa mawese, kwa kuwa nilikuwa nimeapa kumwonyesha kwamba tunaila kwa kupenda, nikachagua kitenge kizuri, cha kweli safari hii, tukapanda minibasi mpaka mjini, kisha Area 23.

Tulimkuta uani amekaa kwenye mkeka, amekonda, dada yake anapepeta mahindi pembeni. Nilifikiri ataniambia neno la kuchekesha. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyebisha mlango usio wake.

“Pepani, amayi,” akasema, yaani samahani. “Sikujui.”

Dada yake akaeleza, na binti yangu, anayejua Kichewa, akanitafsiria. Alikaa chumba cha hewa wiki tatu. Alipotoka, siku zote za hospitali zilikuwa zimefutika. Hakumbuki kitanda, hakumbuki nesi, hakumbuki nani alikuwa jirani yake. Kimebaki kitu kimoja tu: mwanamke anamnyooshea kidole, anapiga kelele, mfiti, mfiti, na watu wote wanatazama. Hajui alimfanyia nini mwanamke yule. Anafikiri labda alimdhuru mtu katika kuweweseka kwake, labda mtu alikufa. Kwa hiyo haendi kanisani, haendi sokoni. Anaona watu wanajua na wanamficha.

Nikakaa chini kwenye udongo, na kitenge changu kizuri. Mimi nilikuja kumshukuru mtu aliyeniokoa, nikijisifu moyoni kwa unyenyekevu wangu, kumbe katika yote aliyofanya mle ndani, vile vicheko, ile tafsiri, zile hatua mbili, kilichobaki kichwani mwake ni tusi langu.

“Ita bajirani,” nikamwambia binti yangu. “Bote.”

Wakaja wanawake watano sita, wengine na vitoto mgongoni. Nikasimama. Nimesimulia maisha yangu kwa maofisa wengi, nikihakikisha kila mara kwamba mimi ndiye niliyeonewa. Siku hiyo niliisimulia habari ambayo mimi ndiye mwenye kosa, na sikukosea mpangilio. Nilisema kuhusu vidonge, kuhusu uongo wangu kwa nesi, kuhusu kiapo nilichomlazimisha. Nilisema alivyogonga kikombe. Nilisema alivyotoa mpira puani na kufungua fundo kwa meno. “Aliyesema mfiti njo miye,” nikasema. “Na niko hapa narudisha ile neno mbele yenu.” Binti yangu alitafsiri kila neno, hata nilipotaka aruke mengine.

Yeye alisikiliza akiwa ameweka mkono mdomoni. Nilipomaliza akautoa mkono. Halafu akasema, kwa Kiswahili chetu, kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani:

“Kwa meno?”

“Kwa meno, dada.”

“Na sikufanya muntu mubaya?”

“Ulifanya mi niko hapa.”

Akaniomba nianze tena mwanzo. Nikaanza. Mara ya tatu aliniomba ile sehemu ya kikombe peke yake, na majirani wakawa wanaigonga kwenye sufuria, ko, ko, ko, naye akalia kwa sauti, machozi ya mtu aliyetua mzigo. Zikomo, asante za kwao, nilizisema nyingi, sikuzihesabu. Kisha tukala. Sombe aliionja, akasema sasa ameelewa, tunaila kwa shida. Kabla ya kula akaleta vidonge vyake, nami nikafungua fundo langu, maana bado navifunga pale kwa mazoea, tukameza kwa kikombe kimoja mbele ya wote.

Wiki tatu baadaye, siku ya soko, nilikuwa napima kitenge cha mteja pale Dzaleka nikasikia robota linatua chini mbele ya meza yangu, pu. Alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani na alikuwa anahema, lakini si vibaya. Mteja wangu akamuuliza yeye ni nani, anavyokaa kwenye kiti cha mwenye duka bila kukaribishwa.

“Miye?” akasema, akijipepea na kofia ya mtumba. “Miye njo muchawi yake.”

Akacheka mpaka soko likageuka, nami nikampa maji.